Tovuti Tatu na Mto Uliokauka

Sogeeni. Aliyesimama mlangoni aingie au atoke kabisa, maana kisa hiki hakimpendi mtu wa katikati. Msimulizi ataleta mdomo, nyinyi mtaleta akili, na mwisho wa kikao tutajua nani kamdhulumu mwenzake.

Kando ya mto Luhanya palikuwa na vijiji vitatu. Lihundo kilikuwa juu kabisa mlimani, ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Mapera Mawili kilikuwa katikati, juu ya kilima, kijiji cha watu wapole wanaonawa mikono hata wasipokula. Kitapwa kilikuwa chini bondeni, mahali ambapo mto hutanuka na kulala kama mtu aliyeshiba. Kila kijiji kilikuwa na tovuti yake, kila tovuti ilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na kipaji chake.

Osmunda Haule wa Lihundo alijaliwa jicho. Alikuwa mfuga nyuki, na akiutazama mzinga kutoka ng'ambo ya bonde alijua kama wenyewe wameamka vizuri au wameamka na kesi. Tovuti yake, Lihundo Juu, ilieleza mvua imenyesha wapi, barabara imekatika wapi, na ng'ombe wa nani ameonekana akiwa hana mtu.

Filbati Nchimbi wa Mapera Mawili alijaliwa neno zito. Alikuwa katekista mpaka magoti yalipomgomea, na tovuti yake iliitwa Kengele. Hakuandika jambo mpaka alishike kwa mkono. Ukimwambia fulani amekufa, Filbati alikwenda kwanza kuhakikisha. Kuna mgonjwa mmoja aliyefumbua macho akamkuta amesimama mlangoni na kalamu, akapona kwa hasira.

Na Kastori Mhagama wa Kitapwa, fundi wa redio na simu, mwenye tovuti ya Kitapwa Yetu, alijaliwa woga. Usicheke. Woga nao ni kipaji, na Kastori alipimiwa hadi ukamwagika. Aliogopa radi. Aliogopa bata. Aliogopa kambale kwa sababu ya zile sharubu. Alisema samaki mwenye sharubu lazima kuna jambo analijua. Alizaliwa karibu na mto akaoga kwa ndoo maisha yake yote, mguu wake haujawahi kugusa maji yanayotembea. Watu wa Kitapwa wakimwona anakimbia walisema tu, "Kastori huyo," wakaendelea na shughuli zao. Yeye hakuchukia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Kastori alikuwa ameshachagua upande.

Tovuti hizo tatu zilikuwa zimeungana kwa hiari, na umoja wao waliuita Mkeka. Kabla hujauliza, si ule wa kubashiri mpira. Kila ukili, ule ukanda wa majani yaliyosukwa, una mwenyewe, lakini kili zikishonwa pamoja watu wanapata pa kukaa. Mkeka haukuwa na mwenyekiti, hivyo hapakuwa na wa kumpindua. Haukuwa na ada, hivyo hapakuwa na mweka hazina wa kutoroka. Ulikuwa na sharti moja: kila tovuti, chini ya ukurasa wake wa kwanza, iache nafasi ya habari moja kutoka kwa kila mwenzake. Anayetaka kuipandisha juu aipandishe, asiyetaka aiache palepale. Na atakayechoka atoke, asiulizwe.

Sasa jueni kwamba Lihundo na Kitapwa ni watani. Babu zao walipigana mpaka mikuki ikaisha, wakakubaliana kuendelea kwa mdomo. Mtu wa Lihundo akifika msibani Kitapwa huweza kushuka kaburini, akajilaza, akadai aletewe blanketi, na hapana wa kumkasirikia. Utani huo ukahamia kwenye tovuti. Kila wiki Osmunda aliandika kwamba Kitapwa kitasombwa na maji, wahame mapema, mpunga wauache. Kila wiki Kastori alijibu kwamba watu wa Lihundo wameota kuvu mgongoni kwa ukungu, ndiyo maana hawageuki wakiitwa. Watu walisoma, wakacheka, wakalala vizuri.

Ambaye hakulala vizuri ni Filbati. Utani ule ulitokea pia chini ya ukurasa wake, na wasomaji wake hawakuwa watani wa mtu yeyote. Siku moja Osmunda aliandika, kwa raha zake, kwamba Kitapwa wote wamekufa kwa kula bata aliyekuwa na kinyongo, na mazishi ni Jumamosi. Akina mama wa Mapera Mawili wakafunga unga, maharage na kuni, wakashuka bondeni wakilia njia nzima. Waliwakuta marehemu wanacheza bao. Mmoja wa marehemu akawakaribisha chai. Walirudi na unga wao kichwani, na siku hiyohiyo Filbati akatoka kwenye Mkeka. Hakuulizwa, kama sharti linavyosema.

Kastori, hata hivyo, aliendelea kuisoma Kengele kila siku kabla ya chai. Mtu mwoga anahitaji mahali pamoja ambapo hapana kicheko.

Basi ikapita wiki ya mvua kubwa huko milimani. Kitapwa hakikupata tone. Watu waliamka jua limewaka, anga limefagiliwa, na mto haupo.

Haukuwa umepungua. Haukuwepo. Pale ulipolala jana palikuwa na matope yanayometameta, mawe ambayo hakuna mtu hai aliyewahi kuyaona, na madimbwi yaliyokuwa yakichemka kwa samaki. Kambale, perege, ningu, wote walikuwa wanarukaruka wakimtafuta mwenye nyumba. Kitapwa kizima kikashuka mtoni na matenga, nyungo, ndoo na vyandarua. Simu waliziacha nyumbani zisilowe. Mwenyekiti wa kijiji alikunja suruali mpaka mapajani, na wanawake wakasema hawakujua kama serikali ina miguu myembamba hivyo.

Kastori alibaki ukingoni, nyuma ya mashine ya kukoboa, akiwa ameushika ukuta. Ukimya wa mto ulikuwa unamwingia masikioni kama maji. Tangu azaliwe alikuwa amelala na kuamka na ule mvumo, na sasa ulikuwa umekatwa, kama pumzi ya mtu chumba cha pili. Alimwita mama yake, Bibi Rafaela, ambaye alikuwa katikati kabisa ya mto, ameinama, tenga lake limejaa nusu.

"Mama, maji yamekwenda wapi?"

"Yamekuona yakaogopa," Bibi Rafaela akajibu bila kuinua kichwa, na watu waliokuwa karibu wakacheka mpaka samaki wakawaponyoka.

Kastori akasema taratibu kwamba maji hayawezi kuondoka bila kuwa yameketi mahali fulani. Hakuna aliyemsikia. Alikuwa anauambia ukuta.

Yalikuwa yameketi, naam. Huko juu Osmunda alikuwa amesikia mlima ukikohoa tangu alfajiri, akafuata njia ya mizinga yake kwenda kutazama. Alipofika kwenye korongo alikuta ubavu wa mlima umeshuka, miti, mawe, mizinga na yote, umelala mtoni kama mlango uliofungwa. Nyuma ya mlango huo palikuwa na ziwa ambalo jana halikuwepo. Miti mikubwa ilikuwa imesimama ndani ya maji mpaka shingoni. Maji hayakuwa na sauti. Yalikuwa yanapanda tu, kama mtu anayepanda ngazi kwenda kuiba.

Mwingine angegeuka pale. Osmunda alivua viatu, akapanda juu ya lile tuta la udongo ili aone linashika kiasi gani. Nyayo zake zilimpa jibu kabla ya macho: udongo ulikuwa unatetemeka chini yake, kidogokidogo, kama ngozi ya ngoma inayopigwa nyumba ya pili. Na ubavuni, maji ya kahawia yalikuwa yameshapata tundu, yanachuruzika, na kila alipotazama tena tundu lilikuwa limekua. Alipiga picha. Kisha alikimbia, na Osmunda si mtu wa kukimbia, nyuki wanaweza kushuhudia.

Akaandika: "Watani, tokeni mtoni. Maji yanakuja kweli."

Akalisoma tena tangazo lake. Lilikuwa neno kwa neno lile aliloandika wiki iliyopita. Akaongeza kwamba anaapa. Wiki iliyopita pia alikuwa ameapa, kwa kaburi la bibi yake, na bibi yake alikuwa jikoni anapika. Akaweka picha. Kijana mmoja wa Kitapwa anayeishi mjini akajibu upesi kwamba picha hiyo imeokotwa mtandaoni, na kwamba mtani leo amechelewa. Wa pili akasema wenzake wako mtoni wanamsubiri na sufuria.

Akampigia mwenyekiti wa Kitapwa. Simu ilipokelewa na mkewe, aliyerudi nyumbani kuchukua ndoo nyingine. Alisikiliza, akacheka vizuri, akamshukuru mtani kwa kuwafurahisha, akaiacha simu kwenye kabati na kushuka mtoni.

Akampigia Kastori. Kastori aliliona jina lake, akaigeuza simu kifudifudi. Mara ya mwisho alipoipokea simu ya Osmunda aliambiwa kwamba amekufa tangu jana na watu wanauliza urefu wake kwa ajili ya jeneza, na ilimchukua siku nzima kujishawishi kwamba ni utani.

Hapo ndipo Osmunda alipokumbuka jambo ambalo wazee wanalijua na yeye alilisahau. Mtani hapeleki msiba kwa mtani. Mtu wa Lihundo akifiwa kweli, humtuma jirani asiye na utani akaseme Kitapwa, kwa kuwa ukweli hauwezi kupita katika mdomo uliozoea kucheka. Ulihitajika mdomo wa tatu. Na mdomo wa tatu ulikuwa umetoka kwenye Mkeka kwa ajili yake yeye.

Alimpigia Filbati akamweleza yote bila kuvuta pumzi. Filbati akasema kwamba yeye si mwanachama tena, na kwamba jambo ambalo hajalishika kwa mkono haliandiki. Kwenda mpaka korongoni ni mwendo wa nusu siku.

"Dada Osmunda," akasema, "kama huu ni ule utani wenu, nitakuwa nani mimi?"

"Utakuwa mwongo pamoja nami, Katekista. Lakini nikiwa nasema kweli nawe usiandike, utabaki mkweli, na kazi ya kesho itakuwa tanzia."

Filbati alitoka nje. Kutoka pale kilimani aliuona mto chini yake, mkavu, mweupe, kama mfupa. Alikuwa ameutazama tangu asubuhi akijiambia ataandika akishajua sababu. Sasa alirudi ndani, akakaa, na vidole vikamgomea. Katika Kengele hapakuwa na sentensi hata moja ambayo hakuwa ameigusa. Watu waliamini tanzia zake, bei zake za mahindi, tarehe zake za chanjo, kwa sababu hiyo tu. Akikosea leo, kesho mama atasoma siku ya chanjo akasema, labda anatania. Jina hilo alilijenga maisha yake yote, na lilikuwa nyumba isiyo na mlango wa pili.

Akaondoa kila kitu kwenye ukurasa wa kwanza. Akaweka ile picha, na chini yake akaandika: "Kengele haijaona kwa macho yake. Kengele inaamini. Kitapwa, tokeni mtoni sasa hivi."

Kule ukingoni, Kastori alikuwa ameifungua Kengele kwa mara ya nne tangu chai, kama mtu anayegusa mfuko kuona funguo zipo. Alisoma. Akasoma tena. Neno lililomkata maini halikuwa "tokeni." Lilikuwa "inaamini." Filbati Nchimbi, mtu aliyehakikisha maiti, ameamini kitu bila kukiona.

Akapiga kelele kwamba Kengele imeandika, watoke, maji yanakuja. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Mtu mmoja akasema, "Kastori huyo." Wengine hawakuinua hata vichwa.

Miguu yake ilikuwa imeshageuka. Miguu ya Kastori ilikuwa na akili yake yenyewe, na nyuma yake palikuwa na njia ya kupanda kilima cha kanisa, kavu, nzuri, aliyoijua kila jiwe. Hatua chache alizipiga. Kisha aligeuza shingo, shingo tu, akamwona mama yake katikati ya mto ule mpana, ameinama, mgongo mdogo wenye kitenge cha kijani, anapapasa kwenye tope.

Akashuka.

Tope lilimmeza mpaka vifundoni, la baridi. Kitu chenye sharubu kilimpapasa kisigino, akataka kulia, hakupata sauti ya kulilia. Alitaka kukimbia, tope halikukubali, ikabidi atembee, mtu mzima wa miaka arobaini anatembea kama anayepita juu ya mayai, macho yamemtoka, uso umekuwa rangi ya majivu, na hasemi neno.

Mtu wa kwanza kumwona akamgusa mwenzake kiwiko. Mwenzake akainuka. Mwanamke aliyekuwa anaimba akaacha katikati ya ubeti. Vicheko vilikatika kimoja baada ya kingine, mpaka mto mzima ukawa kimya kwa mara ya pili siku ile.

"Huyo si Kastori?" mwanamke mmoja akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Walikuwa wamemwona Kastori akikimbia radi, bata na ngoma. Siku zote alikimbia kwenda mbali na jambo. Hakuna aliyewahi kumwona akilifuata. Sasa kila mtu akajiuliza moyoni ni kitu gani huko nyuma au huko mbele kinachoweza kumtisha Kastori mpaka aingie mtoni, na hakuna aliyetaka kungoja jibu. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuiacha ndoo. Kisha walianza kutoka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kuinua watoto, kisha kwa kuacha kila walichoshika. Hapakuwa na makelele. Woga mkubwa hauna makelele. Unasikia tope tu, linavyonyonya miguu na kuiachia.

Kastori alimfikia mama yake. Bibi Rafaela alimuuliza amefuata nini huku, mtu wa ndoo. Yeye alichukua lile tenga akamwaga samaki wote kwenye tope. Mama akainua mkono ampige, akamtazama usoni, na mkono ukabaki hewani.

"Mama, nakuomba," akasema Kastori, na hayo tu ndiyo maneno aliyopata.

Bibi Rafaela akapanda mgongoni kwa mwanawe bila kubishana. Mwanamke huyu aliwahi kubishana na askofu. Kunyamaza kwake kulimtisha Kastori kuliko kambale.

Walikuwa wamepita mashine ya kukoboa, wameanza kupanda njia ya kanisa, harufu ilipofika. Udongo mbichi, kama kaburi limefunguliwa. Kisha upepo wa baridi kutoka korongoni, na anga bado jeupe, halina hata wingu la kusingizia. Kisha sauti, ambayo kwanza waliidhani malori. Kisha Luhanya akarudi nyumbani. Alikuja mwekundu, mrefu kuliko mapaa, na miti ilikuja naye ikiwa imesimama wima, inatembea, kama wageni waliokuja kumi kumi bila kualikwa. Mashine ya kukoboa iliinuka, ikageuka mara moja kama inaaga, ikaondoka. Nyumba za ukingoni zikafuata. Mahali alipokuwa ameinama Bibi Rafaela pakawa chini ya maji ambayo mtu hawezi kuyatazama mara mbili.

Walihesabiana pale kanisani mpaka jua likaelekea kuzama, wakirudia majina yaleyale kwa sababu hawakuamini. Wote walikuwepo.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mtakapolipia viti vyenu.

Kitapwa wana desturi. Watu wakitolewa kwenye kifo, ng'ombe huchinjwa, na kidari hakiliwi na waliopona. Hupewa yule aliyewatoa, kizima, kwa mkono wa mkubwa wa waliotolewa. Hakikatwi, kwa kuwa kikikatwa ni nyama tu. Na anayekipokea, jina lake hutajwa kila jambo linapoanza kijijini, kabla ya jina la mwenyekiti.

Mkubwa wa waliotolewa alikuwa Bibi Rafaela. Siku ya kuchinja alisimama mbele ya kanisa na kidari mikononi, na watu wa vijiji vitatu wakakaa chini kumzunguka. Lihundo na Kitapwa walikaa wakitazamana, na hakuna aliyerusha hata neno moja la utani. Utani ulikuwa umekufa au umezimia, na hapakuwa na mtu wa kwenda kuugusa ajue. Kila mtu, kati ya sentensi na sentensi, aliutupia mlima jicho. Kwa sababu Osmunda alikuwa amesema wazi: ubavu ulioshuka ni nusu. Nusu ya pili bado inaning'inia, ina ufa unaoingia mkono, na mvua hazijaisha.

Mzee wa Lihundo akasema kidari ni cha Osmunda. Bila jicho lake, Kengele ingeandika nini, na Kastori angesoma nini? Na nani mwingine alisimama juu ya udongo unaotetemeka? Mama mmoja wa Kitapwa akamjibu kwa heshima kwamba jicho ni kweli lilikuwa la Osmunda, lakini na mdomo ulioharibu neno la jicho hilo ulikuwa wa Osmunda pia. Kama asingewazika wakiwa hai kila wiki, wangetoka aliposema mara ya kwanza.

Watu wa Mapera Mawili wakasema kidari ni cha Filbati. Ukweli ulikuwa umekwama mlimani, yeye ndiye aliyeuvusha, na alilipa kwa kitu pekee alicho nacho. Hakulazimika, alikuwa ameshatoka kwenye Mkeka. Kijana wa Lihundo akauliza kama ni sawa kumtuza aliyetoka kuliko waliobaki. Na pia, akasema, Katekista alikuwa amekaa kwenye kiti, kilimani, pakavu.

Kitapwa wengi wakasema, kwa aibu kidogo, kwamba kidari ni cha Kastori, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona kwa macho yao. Lakini bibi mmoja rika la Rafaela akasema mtoto aliyemtoa mama yake mtoni hapewi zawadi, anaulizwa mbona amechelewa. Na sisi wengine, akasema, alipotuita hatukutoka. Tulitoka kwa kuuogopa uso wake.

Wenyewe walipoulizwa, Osmunda alisema hadai kitu. Alisema tu kwamba kila asubuhi anapanda kuutazama ule ufa, na kila asubuhi miguu inamuuliza anakwenda kwa ajili ya nani.

Filbati alisema Mkeka ni wa hiari, na yeye hajarudi. Alikuja kama mgeni. Kama neno lake lina uzito hapa, atauona leo, na akiuona atajua pa kukaa mvua ijayo.

Kastori ndiye aliyeogopa zaidi. Alikuwa amejificha nyuma ya mtu mnene, wakamtoa. Akasema kwa ile sauti ya kifaranga kwamba anamwomba mama yake asimpe. "Mkiniita shujaa," akasema, "siku nyingine nikiingia mtoni mtasema, shujaa huyo, na mtaendelea kuvua." Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Lakini Bibi Rafaela alijua kitu kingine ambacho mama peke yake hukijua: kwamba tangu siku ile mwanawe halali, na kwamba mtu anayechekwa maisha yake yote naye hungoja, kimoyomoyo, siku atakayotajwa jina kabla ya mwenyekiti.

Mtu mmoja akapendekeza kwamba kidari kirushwe mtoni, kusiwe na ugomvi. Walimtazama mpaka akakaa. Mtoni hakuna aliyetaka kupeleka kitu tena.

Basi Bibi Rafaela amesimama. Nyama ni nzito, damu imemfika kwenye viwiko. Mbele yake kuna jicho, kuna neno, na kuna woga, na anavihitaji vyote vitatu kabla mvua haijanyesha tena, na hakuna hata kimoja anachoweza kukiamrisha kibaki. Akimpa mmoja, wawili wana haki ya kukunja kili zao na kwenda, na hakuna atakayewauliza. Asipompa mtu, wote watatu watajua thamani yao Kitapwa. Nyuma ya kanisa mlima umeanza kuvaa wingu, kuanzia kichwani, na kuna waliokwisha kusimama.

Fanya haraka, maana bibi wa watu anachoka. Wewe, uliyekaa hapo ukijipangusa jasho: kama mikono ile ingekuwa yako, kidari ungekiweka mbele ya nani?